Namba Iko Faili Gani?

Kontena la mabati au la vitenge likishushwa Mombasa kwa ajili ya mfanyabiashara wa Butembo, bado lina safari ndefu. Litapita Malaba, Kampala na Kasese, lifike Mpondwe upande wa Uganda, livuke mto Lubiriha, ndipo liingie kwetu Kasindi, upande wa Congo. Kutoka hapa hadi Beni ni kama kilomita 80, na kutoka Beni hadi Butembo kilomita hamsini na kitu. Kila linaposimama kuna mtu anayeandika: namba ya kontena, namba ya lori, jina la mwenye mali, uzito, tarehe. Mizigo inayotoka kwetu, kakao ya Beni, kahawa, magome ya mkwinini, nayo huandikwa hivyo hivyo ikielekea baharini. Siku hizi sehemu kubwa ya maandishi hayo huishia ndani ya kompyuta, katika majedwali ya Excel.

Mimi ni mmoja wa hao wanaoandika. Ninatunza majalada katika ofisi ya madekleran, yaani mawakala wanaomwakilisha mfanyabiashara mbele ya duane, kama tunavyoita forodha huku kwetu. Tamko rasmi la mzigo huingizwa katika Sydonia, mfumo wa kompyuta uliobuniwa na UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, ambao DGDA, mamlaka ya forodha ya Congo, inautumia. Lakini nje ya Sydonia kila ofisi ina hesabu zake yenyewe: nani amelipa, nani bado, lori lipi lilikaa maegeshoni na kwa muda gani, nani alipokea mzigo Butembo. Hizo ndizo zilizo katika Excel. Karani mmoja alifungua faili kwa kila mwezi, mwingine kwa kila mteja, mwingine kwa kila safari. Miaka ikipita, folda hujaa.

Kisha anaingia mama mmoja anayeleta viatu na vitambaa kutoka Guangzhou. Ana shida ya haki yake.

"Mwanangu, ile kontena yangu ya mwaka wa Ebola, tulilipa maegesho kiasi gani? Mwenye lori ananidai tena."

"Mama, unayo numero ya kontena?"

"Jina langu si unalijua?"

Jina lake ninalijua, na malipo yake yaliandikwa. Lakini mpaka nimwoneshe mstari wenyewe, ushahidi wake haumsaidii. Kuna wafanyabiashara wanaolipa mara mbili kwa sababu karatasi imepotea, na kuna wanaolipa mara mbili ingawa maandishi yapo, ila hakuna anayejua yako faili gani. Hili la pili linaniuma zaidi, kwa sababu lina dawa.

Anza na faili moja

Watu wengi wanajua kubonyeza Ctrl na F ili kutafuta neno katika Excel. Wachache wanajua kwamba, pasipo kuielekeza vingine, Excel hutafuta katika laha iliyo wazi mbele yako tu. Faili yenye laha 12, moja kwa kila mwezi, itakujibu kwamba neno halipo, kumbe liko Machi na wewe uko Aprili. Kompyuta zetu nyingi zina Excel ya Kifaransa. Humo, bonyeza «Options», kisha penye «Dans» ondoa «Feuille» uweke «Classeur». Hapo itapekua laha zote za faili hiyo. Bonyeza «Rechercher tout» upate orodha nzima ya mahali neno lilipo, badala ya kurukia moja moja.

Chini yake kuna «Regarder dans». Ikiwa imewekwa «Formules», Excel husoma kilichochapwa ndani ya seli, si kile unachokiona kwenye skrini. Kama seli inaonesha jina la mteja lililoletwa na fomula, jina hilo halitapatikana hadi uchague «Valeurs». Na kabla ya kutafuta, ondoa vichujio vyote ili mistari iliyofichwa irudi.

Jifunze pia alama mbili. Nyota (*) husimama badala ya herufi zozote, ziwe nyingi au chache, alama ya kuuliza (?) husimama badala ya herufi moja. Ukikumbuka mwanzo na mwisho wa namba tu, andika mwanzo, nyota, mwisho. Mara nyingi inatosha.

Kwa nini kompyuta haioni ndani

Sasa tuseme faili ni mia kadhaa. Hatuwezi kuzifungua moja baada ya nyingine mteja akisubiri. Wengi huandika neno katika kisanduku cha kutafutia cha Windows, hawapati kitu, wakakata tamaa. Ni vizuri kuelewa sababu.

Tangu Office ya mwaka 2007, faili ya Excel, ile inayoishia na .xlsx, ni kifurushi kilichobanwa kwa mtindo wa ZIP. Tengeneza nakala ya faili moja, badilisha mwisho wa jina la nakala hiyo uwe .zip, kisha ifungue: utakuta folda na faili ndogo ndogo ndani yake. Maneno ya jedwali kwa kawaida yamekusanywa katika faili moja iitwayo sharedStrings.xml. Kila neno limeandikwa humo mara moja tu. Kama "Butembo" imo katika mistari elfu, imetunzwa mara moja, na kila seli imebeba namba inayoelekeza kwenye neno hilo. Ndiyo maana programu inayosoma maandishi ya kawaida haiambulii chochote: inakutana na kifurushi kilichobanwa. Faili za zamani za .xls zina mpangilio mwingine kabisa, nazo bado zimejaa katika kompyuta zetu.

Kinachohitajika basi ni programu inayojua kufungua kifurushi, kusoma maneno, na kuyapanga katika faharasa, kama ile iliyo nyuma ya kitabu inayokuambia neno liko ukurasa gani. Windows yenyewe ina faharasa, lakini kwa kawaida inashughulikia folda za mtumiaji, kama Documents na kile kilicho kwenye Desktop. Folda iliyo kwenye diski nyingine au kwenye flashi huachwa nje. Kwa hiyo fungua «Options d'indexation», ongeza folda ya majalada yako, uiache kompyuta ifanye kazi hadi imalize. Baada ya hapo kutafuta ndani ya faili kutakuwa jambo la kufumba na kufumbua.

Ipo pia DocFetcher, programu ya bure ambayo msimbo wake uko wazi. Unaionesha folda, inasoma faili za .xls, .xlsx, za LibreOffice na hata za PDF, inajenga faharasa yake, kisha unaandika neno na kupata orodha ya faili zenye neno hilo. Baadhi ya matoleo yake yanahitaji programu ya msaada iitwayo Java iwepo katika kompyuta. Sifa yake kubwa kwa mtu wa Kasindi ni kwamba inafanya kazi bila intaneti. Huku mtandao hukatika, na vifurushi vya data hununuliwa kwa pesa ya jasho. Kumbuka tu kwamba faharasa inajua kile ilichosoma. Faili uliyoongeza leo haimo hadi faharasa isasishwe, na faili iliyofungwa kwa nywila haisomeki.

Jina moja, mito miwili ya tahajia

Programu nzuri haimalizi kazi, kwa sababu kompyuta hutafuta herufi. Haimjui mtu. Kwetu mpakani jambo hili ni zito kuliko sehemu nyingi. Sisi Wanande, pamoja na ndugu zetu Wakonzo wa ng'ambo ya Lubiriha, mtoto tunampa jina kufuatana na nafasi yake ya kuzaliwa. Kwa hiyo Kambale ni wengi, Masika ni wengi, Kasereka ni wengi. Ukitafuta "Kambale" katika majalada ya ofisi, utaletewa nusu ya mji. Na jina lilelile hubadilika likivuka daraja: Kambale wa Beni ni Bwambale Kasese, Paluku ni Baluku, Kasereka ni Masereka, Kakule ni Kule, Katembo ni Thembo. Dereva mmoja huyo huyo anaweza kuandikwa kwa njia moja asubuhi Mpondwe na kwa njia nyingine mchana Kasindi.

Njia moja ni kutafuta kipande kinachofanana. Ukiandika "mbale" katika Ctrl na F ya Excel, utawapata Kambale na Bwambale pamoja. "Sereka" itawaleta Kasereka na Masereka. Lakini ukiandika "embo" ili uwapate Katembo na Thembo, utaletewa pia kila mstari wenye Butembo. Kwa hiyo kipande kichaguliwe kwa akili, na matokeo yasomwe na mtu anayewajua watu.

Tulijifunza uzito wa jambo hili wakati wa Ebola. Mlipuko ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukianzia upande wa Mangina, karibu na Beni. Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umehesabiwa kuwa na wagonjwa 3,470, na kati yao watu 2,287 walikuwa wamefariki. Kila aliyegusana na mgonjwa alipaswa kuandikwa na kufuatiliwa kwa siku 21. Jina, umri, kijiji, simu, tarehe ya mwisho ya kukutana na mgonjwa: sehemu kubwa ya orodha hizo ilipita katika Excel, kutoka eneo moja la afya hadi jingine, Beni, Mabalako, Katwa, Butembo, Mutwanga. Hapa Kasindi wasafiri walinawa mikono na kupimwa joto kabla ya kuvuka. Lakini kipimajoto humwona aliye na homa tu. Aliyegusana na mgonjwa na bado ana nguvu zake hujulikana kwa jina lake kwenye orodha.

Mwezi Juni 2019 tuliona matokeo ya watu kupotea kati ya orodha na njia. Familia iliyokuwa imetoka kwenye msiba wa mzee wao aliyekufa kwa Ebola ilivuka kuingia Uganda, na tarehe 11 Juni serikali ya Uganda ikatangaza kwamba mtoto wa miaka 5 amekutwa na virusi wilayani Kasese. Mtoto huyo alifariki, kisha bibi yake na mdogo wake wa miaka 3. Sisemi kwamba jedwali lingewaokoa. Ninasema kwamba katika ugonjwa unaohesabiwa kwa siku, mtu aliyeandikwa "Kambale, Beni" bila simu wala kijiji ni mtu ambaye hakuna mashine itakayempata.

Namba ndiyo jina la kweli

Kwa sababu hiyo, nikiweza kuchagua, sitafuti jina. Natafuta namba. Kontena lina namba bora kuliko zote: herufi nne na tarakimu saba, kwa kanuni ya kimataifa iitwayo ISO 6346. Herufi tatu za kwanza ni za mmiliki, na kwa makontena ya mizigo herufi ya nne ni U. Hufuata tarakimu sita za kontena lenyewe, na ya saba ni ya ukaguzi. Ukaguzi hufanywa hivi: kila herufi ina thamani yake, kila nafasi huzidishwa kwa 1, 2, 4, 8 na kuendelea, jumla hugawanywa kwa 11, na baki ndiyo tarakimu ya mwisho (likiwa 10, huandikwa 0). Chukua CSQU305438. Jumla yake ni 6185. Ukigawanya kwa 11 inabaki 3. Namba kamili basi ni CSQU3054383. Karani akikosea tarakimu moja, kwa kawaida hesabu haitalingana, na fomula ndogo katika Excel inaweza kumwambia papo hapo, kabla kosa halijaenda Butembo.

Hata hivyo namba nayo inaharibiwa na mikono. Mmoja ataandika CSQU3054383, mwingine CSQU 305438-3, mwingine ataweka nafasi baada ya herufi. Kwa macho yetu ni kontena moja. Kwa kompyuta ni vitu vitatu. Chagueni mtindo mmoja, herufi kubwa, bila nafasi, bila kistari, na kila mtu aufuate.

Simu zina mtego wake. Ukichapa namba inayoanza na sifuri, Excel huona ni hesabu na kuifuta sifuri. Ukichapa namba ya Uganda yenye tarakimu 12 kuanzia 256, itakuonesha kitu kama 2,56772E+11. Namba yenye zaidi ya tarakimu 15 ni hatari zaidi: zile zinazozidi hugeuzwa kuwa sifuri, wala hazirudi. Dawa ni kuipa safu nzima umbo la «Texte» kabla ya kuanza kuandika.

Na tarehe? Excel huitunza tarehe kama idadi ya siku zilizohesabiwa tangu mwanzo wa mwaka 1900. Tarehe 15 Machi 2023 ndani ya faili ni 45000. Programu ya nje inayosoma faili inaweza kuiona hiyo 45000 peke yake. Kwa hiyo usitegemee tarehe kama neno la kutafutia. Itumie kuchuja baada ya kupata mstari.

Unganisha, ndipo utafute

Kama majedwali yako yana umbo moja, kuna njia iliyo bora kuliko kuyapekua: yaunganishe. Tangu Excel ya 2016, chombo kiitwacho Power Query kimo ndani yake. Weka faili zote katika folda moja. Fungua jedwali jipya, nenda «Données», kisha «Obtenir des données», chagua kuchukua kutoka kwenye folda, na uamuru ziunganishwe. Utapata jedwali moja refu lenye mistari yote, na safu ya kwanza ikikuonesha kila mstari umetoka faili gani. Hapo kutafuta kontena la mwaka 2019 ni kuchuja mara moja. Mwezi mpya ukiongezeka, weka faili yake katika folda ileile na ubonyeze «Actualiser».

Sharti ni vichwa vya safu. Kama faili moja imeandika "Client" na nyingine "Jina la mteja", chombo hakitajua kwamba ni kitu kimoja, na sehemu ya taarifa itaachwa nje kimya kimya. Kwa hiyo patanisheni vichwa kwanza.

Jueni pia mwisho wa uwezo wa chombo. Faili ya .xls hubeba mistari 65,536 tu, ya .xlsx hubeba 1,048,576. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO, Uingereza ilikuta kesi 15,841 zimeachwa nje ya hesabu za kila siku kwa sababu matokeo ya maabara yalipitishwa katika faili za .xls zilizokuwa zimejaa. Watu waliokutana na wagonjwa hao walichelewa kutafutwa. Nchi tajiri yenye wataalamu wengi iliangushwa na ukomo ule ule unaotukabili sisi.

Na kadiri kutafuta kunavyokuwa rahisi, ndivyo siri inavyohitaji ulinzi. Jedwali lililounganishwa linaonesha mfanyabiashara fulani alileta nini, lini na kwa thamani gani. Orodha ya afya inaonesha nani aliugua. Katika mkoa wetu, ambao usalama wake ni mdogo, karatasi kama hiyo ikianguka mikono mibaya inaweza kumgharimu mtu uhai. Flashi isizunguke ofisi kwa ofisi. Jedwali kubwa liwekewe nywila, na lisomwe na wale tu ambao kazi yao inawataka.

Kwa makarani wenzangu wa Kasindi, Beni, Butembo, na wa mipaka mingine yote, ninaomba mambo machache. Vichwa vya safu viwe vilevile katika kila faili. Namba ya kontena iandikwe kwa mtindo mmoja. Simu iwekwe kama maandishi. Jina liandikwe kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, na kando yake kuwe na namba isiyo ya mtu mwingine. Faili ipewe jina linaloanza na mwaka na mwezi. Kufanya hivyo huongeza dakika chache kwa siku, na ndiko kunakomwezesha atakayekuja baada yako kumjibu mteja bila kukisia. Mwenye mali ametuamini na ushahidi wake. Tuuandike kwa namna ambayo utapatikana siku atakapouhitaji.